Niliuza shamba Ihumwa, kisha nikamhusudu aliyelinunua: jinsi Mungu alivyonitoa katika kinyongo cha miaka sita

Mleta uzi

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu, na kwa wenyeji wenzangu wa Ugogoni nasema mbukwenyi. Nimesita kwa muda mrefu kuliandika jambo hili, kwa kuwa linanihusu mimi na mtu ambaye hadi leo tunasali kanisa moja. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa, ilimradi jina lake nisilitaje.

Mwaka 2014 niliuza shamba la ekari moja na nusu upande wa Ihumwa, mashariki mwa mji wa Dodoma, jirani na barabara iendayo Morogoro. Lilikuwa shamba la urithi kutoka kwa marehemu baba, na tulikuwa tukilima uwele na karanga. Anayeijua mvua ya kwetu anaelewa kwamba ikichelewa Desemba na kukatika Machi, mwaka mzima unakuwa wa kununua chakula. Mwanangu wa kwanza alikuwa anaingia kidato cha tano, nami nilikuwa nimeelemewa na madeni. Mnunuzi alikuwa mwanakwaya mwenzangu, ambaye tuliimba naye sauti ya nne, tukisimama bega kwa bega kila Jumapili. Alinipa shilingi milioni tatu taslimu, bila kunipunja, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa bei ya huko wakati ule, na nakumbuka vizuri kwamba nilirudi nyumbani nikimshukuru Mungu kwa ajili yake.

Julai 2016 Rais Magufuli akatangaza kwamba Serikali inahamia Dodoma, jambo lililokuwa limeamuliwa tangu 1973 na ambalo wengi wetu tulikuwa tumeshaacha kulisubiri. Mji wa Serikali ukajengwa Mtumba, Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji, na upande wote ule ambao tulikuwa tukiuita porini ukajaa wapima ardhi na magari ya watu wanaotafuta viwanja. Ndugu yule akalipima shamba, akalikata viwanja, akauza baadhi na vingine akabaki navyo. Kiwanja kimoja peke yake kilimpa zaidi ya mara tatu ya fedha aliyonipa mimi kwa shamba zima.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu ndipo mambo yalipoanzia. Husuda haikuja kwangu ikijitaja kwa jina lake. Ilikuja ikiitwa kudhulumiwa. Nilimwambia mke wangu kwamba lazima yule bwana alikuwa na mtu wa kumnong'oneza habari za makao makuu, na nilipomwambia mara ya tatu nilikuwa nimeshaamini mwenyewe, ingawa sikuwa na ushahidi wowote na hadi leo sina. Miaka miwili kabla ya tangazo lile, mkulima wa Dodoma angejuaje? Lakini moyo uliokwisha kuamua hautafuti ukweli, unatafuta mashahidi. Alipotoa bati za kuezekea ukumbi wa kanisa, nilisema anajionyesha. Alipokosa mazoezi ya kwaya, nilisema fedha imempa kiburi. Alipokuja mapema, nilisema anataka uenyekiti. Sauti yake, ambayo kwa miaka mingi niliisifu, nikaanza kusikia kwamba inashuka mwishoni mwa ubeti. Waswahili huiita hali hii roho ya kwa nini, na nadhani hakuna jina linaloifaa zaidi, maana kutwa moyo huuliza: kwa nini yeye, kwa nini si mimi, kwa nini vyake vinastawi?

Kwa miaka sita nilimega mkate wa Bwana pamoja naye nikiwa na fundo hilo rohoni. Nilikuwa mzee wa kanisa. Nilihubiri habari za upendo.

Kilichonifumbua macho kilikuwa kitu kidogo. Mapema mwaka 2022, baada ya mazoezi, alisimama akaomba tumkumbuke kwa sala, kwa kuwa mizabibu yake kule Mpunguzi ilikuwa imeshikwa na ubwiri unga, ule ugonjwa unaofunika majani na vichala kama vumbi jeupe la unga, na mavuno ya msimu ule yalikuwa hatarini. Mwalimu wa kwaya akaniomba mimi niongoze sala. Nikafumba macho, nikaomba kwa maneno mazuri, watu wakaitikia amina, na wakati kinywa changu kikiomba mvua ya baraka, ndani yangu nilisikia utamu. Ndiyo, utamu, kama mtu aliyelamba asali. Nilifurahi kwamba shamba la ndugu yangu linakufa.

Njiani nikirudi nyumbani Chang'ombe niliogopa. Sikuwahi kujiogopa namna ile. Usiku nikafungua Mwanzo sura ya nne, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba Mungu alizungumza na Kaini kabla ya mauaji: “Kwa nini una ghadhabu? na kwa nini uso wako umekunjamana?” Kisha akamwonya kwamba dhambi inamwotea mlangoni nayo yapasa aishinde. Kwa miaka yote nilisoma habari ile nikimtazama Kaini mwenye damu mikononi, na nikajiona salama kwa sababu sijamuua mtu. Usiku ule niliona kwamba nipo aya chache kabla ya damu, pale pale alipokuwa amesimama Kaini Mungu alipomuuliza.

Nikasoma pia Zaburi ya 73, zaburi ya Asafu. Huyu alikuwa mkuu wa waimbaji wa Daudi mbele ya sanduku la agano, yaani mwanakwaya kama mimi, tena kiongozi wao. Naye anakiri waziwazi: “Maana naliwaonea wivu wenye kujivuna,” na kwamba miguu yake ilikuwa karibu kupotoka. Anasema alijaribu kulifahamu jambo lile kwa akili yake likamtaabisha, hadi alipoingia patakatifu pa Mungu. Jambo lililonigusa ni kwamba Asafu hakulificha. Aliliweka katika wimbo, na wimbo ule umeimbwa na watu wa Mungu hadi leo. Ikiwa mkuu wa waimbaji wa Israeli aliweza kuimba husuda yake mbele ya kusanyiko, mimi nilikuwa nalinda heshima gani?

Nilipiga magoti nikasema kwa sauti: “Bwana, ninamhusudu fulani, na nimefurahia hasara yake.” Sikusema nina udhaifu, wala sikusema shetani amenijaribu. Nililitaja lenyewe kwa jina lake. Ukweli ni kwamba sikusikia amani yoyote usiku ule. Nilianza kuliombea shamba lake kila alfajiri, na wiki za kwanza ilikuwa kama kutafuna mchanga. Maneno yalitoka, moyo ukiwa umesimama pembeni umekunja mikono. Bwana Yesu alipoagiza tuwaombee wanaotuudhi hakusema tusubiri kwanza hadi tujisikie kufanya hivyo, na mimi niliishikilia amri hiyo kama mtu anayemeza dawa chungu kwa kumwamini daktari.

Jumamosi ya tatu nilibeba bomba langu la mgongoni la kupulizia dawa, nikanunua salfa, nikapanda daladala hadi Mpunguzi. Alishangaa kuniona. Tulipulizia tangu asubuhi hadi jua lilipokuwa kali, tukaacha, tukarudia jioni. Nilipokuwa nikitembea katikati ya mistari ile ya mizabibu, nikitazama vichala ambavyo vingine vilikuwa vimepasuka na kukauka, ndipo kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita nilimwona mtu. Kabla ya hapo nilikuwa nikiona milioni tu. Nikamwona mzee mwenzangu mwenye mgongo unaouma, anayeamka usiku kuhesabu madeni ya dawa na vibarua.

Jioni ile nilimwambia. Marehemu mama yangu alikuwa mtu wa uamsho, ule Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Uganda na Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920 na 1930 na kufika kwetu kupitia Waanglikana. Tangu utotoni nilimsikia akizungumzia kutembea nuruni, yaani kumwendea uliyemkosea na kulitaja kosa lako bila kulivika nguo. Nilimwambia kila kitu, hadi utamu nilioonja wakati wa kumwombea. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema: “Nilijua. Kwenye mazoezi ulikuwa hunipi daftari la nyimbo mkononi. Ulikuwa unaliweka kitini.”

Mimi sikuwa najua kwamba nafanya hivyo.

Hakunipa kiwanja wala sikukitarajia, na nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu shuhuda nyingi siku hizi huishia na mtu kupewa gari. Nami naomba niongeze neno moja ambalo huenda litawaudhi baadhi ya wahubiri. Katika makanisa yetu tunaomba sana dhidi ya watu wanaotuonea wivu. Tunakemea maadui wa mafanikio yetu, tunavunja macho ya mahasidi, tunaomba wanaotuchukia waaibike. Lakini katika miaka yangu yote ya kanisa, ni mara ngapi nimesikia mtu akisimama na kusema kwamba hasidi ni yeye? Ikiwa kila mmoja wetu anahusudiwa na hakuna anayehusudu, basi mahasidi wote hao wanatoka wapi?

Katekista wa Kongwa

Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu mleta uzi, umeandika jambo ambalo katika mafundisho yetu Wakatoliki limewekwa miongoni mwa vilema vikuu vya dhambi, na naomba nichangie kidogo kutoka upande wetu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza kwamba husuda ni huzuni kwa ajili ya mema ya mwenzako, pale unapoyaona mema hayo kana kwamba yanakupunguzia wewe. Kabla yake, Papa Gregori Mkuu alitaja watoto wanaozaliwa na husuda: chuki, kunong'ona, kusengenya, kufurahia mabaya yanayompata jirani na kuhuzunikia mafanikio yake. Utamu uliouonja ukiwa umefumba macho ulikwisha kutajwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Nakuambia hivi ili usijione kiumbe wa ajabu. Wengi wanaopanga mstari kwenda kuungama hukiri hasira, uongo na uzinzi, lakini husuda huibakiza nyumbani, kwa kuwa dhambi nyingine zina starehe fulani ambayo mtu anaweza kuisingizia, na hii haina. Kuikiri ni kukubali kwamba nilijiona mdogo mbele ya mwenzangu.

Nikifundisha jambo hili huku vijijini huwa natumia mfano wa wafanyakazi katika shamba la mizabibu, Mathayo sura ya 20, na watu wa Dodoma hawahitaji kuelezwa shamba la mizabibu ni nini. Hata saa zake ni saa zetu: mwenye shamba alitoka alfajiri, akatoka saa tatu, saa sita, saa tisa, na saa kumi na moja akawakuta wengine wamesimama bila kazi. Kila mkulima anajua saa kumi na moja jua limekwisha kuinama na kazi iliyobaki ni ya kukusanya vyombo. Jioni wote wakapewa dinari moja moja, na wale wa alfajiri wakanung'unika. Angalieni kwamba hawakunung'unika kwa sababu wamepunjwa, maana walipatana dinari na dinari wakapewa. Fedha ile ile ambayo asubuhi iliwafurahisha iliwachukiza jioni baada ya kuiona katika kiganja cha mwingine. Milioni tatu zako, ndugu yangu, zilikuwa dinari yako. Mlipatana. Ulirudi nyumbani ukishukuru. Kisha ukatazama kiganja cha jirani. Na swali la mwenye shamba ni zito: “Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?” Anayenung'unikiwa pale ni mwenye shamba, wala si yule mtu wa saa kumi na moja. Anayemhusudu jirani yake ana neno na Mungu, ingawa mdomo wake unamtaja jirani.

Ninayo tahadhari moja tu kuhusu kumwendea mtu na kumweleza. Kwako ilifaa, kwa kuwa yeye alikuwa ameshaliona. Lakini nimewahi kushuhudia mtu akimwendea jirani ambaye hakujua chochote, akamwambia kwamba amemchukia kwa miaka kumi, kisha akaondoka akiwa mwepesi na kumwachia yule mwingine mzigo wa kujiuliza kila siku amechukiwa na nani mwingine. Pengine busara ni kuungama kwanza kwa padri au kwa mchungaji wako, kisha kuuliza kama maneno yako yatamponya yule mtu au yatakuponya wewe peke yako.

Mama wa Nkuhungu

Nimesoma nikilia, lakini nina swali, na naomba nijibiwe bila kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Wewe hukudhulumiwa, ulidhani tu. Mimi nilidhulumiwa. Mume wangu alipofariki, kabla arobaini haijaisha, ndugu zake walikuja wakachukua ng'ombe, wakachukua hati ya nyumba, wakaniambia kwamba niliikuta mali na nitaiacha. Leo shemeji yangu anapangisha vyumba vya nyumba ambayo nilibeba maji ya tofali zake kichwani nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili. Kila Jumapili naambiwa nisamehe. Nikimwona amevaa suti mpya kanisani, tumbo linanikata. Je, mimi nami nina husuda? Na nikisamehe, ndiyo nimekubali kwamba nyumba ni yake?

Mleta uzi

Mama, shikamoo. Sitaki kukujibu kwa haraka, kwa sababu umeuliza jambo ambalo mimi lilinipa shida kwa upande wake wa pili: mimi niliiita husuda yangu dhuluma, na wewe watu wanataka uiite dhuluma uliyotendewa husuda. Hayo ni makosa mawili, na nadhani lako, yaani lile wanalokutwika, ni baya zaidi.

Hukuhusudu, mama. Unalilia kilicho chako. Bwana Yesu mwenyewe, katika Luka sura ya 18, alimtoa mjane kuwa mfano wa mtu asiyekata tamaa, na mjane yule alikuwa akimwendea kadhi dhalimu tena na tena akidai haki yake. Hakuambiwa anyamaze asamehe. Mtume Paulo, aliyetuandikia kwamba tusijilipizie kisasi, ndiye huyo huyo aliyekata rufaa kwa Kaisari. Kwa hiyo kusamehe na kwenda mahakamani havipingani. Nenda, utafute msaada wa kisheria, ukiwa na ndugu wa upande wako na mashahidi waliokuona ukibeba maji hayo.

Kinachobaki ni lile tumbo linalokata unapoiona suti. Hilo nalo halina hatia mwanzoni, ni jeraha, na jeraha lina haki ya kuuma. Lakini Waebrania 12 inatahadharisha juu ya shina la uchungu kuchipuka, na sisi wa huku tunajua mmea wa ukame unavyopeleka mizizi chini wakati juu hakuna hata jani. Shemeji yako ameshachukua nyumba. Asichukue na Jumapili zako.

Naomba nikusimulie habari ya mtu aliyewahi kuishi hapa kwetu. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa askofu nchini Uganda, alifundisha hapa Dodoma miaka ya 1940 na 1950, katika shule ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo na ambayo eneo lake leo ni Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana. Alikuwa mtu wa uamsho, na alikuwa mkweli juu ya nafsi yake. Aliwahi kusimulia jinsi alivyomwonea wivu mhubiri mwenzake, William Nagenda, hata akawa anaona kosa katika kila neno alilohubiri, mpaka alipomwambia na kumwomba msamaha. Nilipoisikia habari hiyo nilikumbuka sauti ya nne iliyokuwa ikishuka mwishoni mwa ubeti.

Lakini kwa ajili yako naikumbuka habari yake nyingine. Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere akalazimika kuikimbia nchi yake. Alieleza kwamba chuki dhidi ya Amin ilianza kumla yeye mwenyewe na kuikausha roho yake, na kwamba alimsamehe kwa kumtazama Yesu akiwaombea waliomsulubisha. Na baada ya kusamehe hakunyamaza: aliendelea kuueleza ulimwengu yaliyokuwa yakitendeka Uganda. Mtu mmoja, kinywa kile kile, akisamehe na kushuhudia. Sijui kama hilo linakufariji leo, mama, na usijilazimishe. Mimi nilitafuna mchanga wiki tatu kwa ajili ya dhuluma ambayo haikuwepo, sembuse wewe.

Mama wa Nkuhungu

Marahaba, baba. Hakuna aliyewahi kuniambia habari za yule mjane kwa namna hiyo. Siku zote huwa tunahubiriwa kwamba maana yake ni kuomba bila kuchoka, na kweli ni hivyo, lakini hakuna anayesema kwamba alikuwa anadai.

Kijana wa Nzuguni

Wakubwa zangu, shikamooni. Mimi sina shamba wala nyumba ya kugombania. Nilihitimu ualimu mwaka 2019 pamoja na rafiki yangu tuliyelala naye chumba kimoja miaka mitatu. Tumeomba ajira pamoja, tumetumiana vielelezo, tumechangiana nauli. Mwaka jana yeye alipata, mimi bado nauza vifaa vya simu sokoni. Kila akiweka picha akiwa darasani, naibonyeza kuonyesha kwamba nimeipenda, kisha naizima simu nikae kimya. Nampenda na siwezi kumtazama. Naombeni msaada, kwa sababu nimeanza kutopokea simu zake, naye hajui kosa lake.

Mama wa Nkuhungu

Mwanangu, acha nikujibu mimi, maana wazee hawa watakupa sura nyingi za Biblia, na mimi nitakupa moja. Baada ya kufufuka, Bwana Yesu alipomwambia Petro namna atakavyokufa, Petro aligeuka akamwona yule mwanafunzi mwingine, akauliza: “Bwana, na huyu je?” Na Bwana akamjibu kwamba hata kama anataka huyo akae mpaka atakapokuja, limempasa nini yeye, “wewe unifuate mimi.” Petro ameshakuwa mtume, ameshasamehewa kumkana Bwana mara tatu, ameshaambiwa alishe kondoo, na bado shingo inageuka. Kwa hiyo usijichukie kwa kugeuza shingo.

Ila simu yake pokea. Rafiki aliyekuchangia nauli si wa kumpoteza kwa sababu ya picha. Mwambie: nimefurahi kwa ajili yako, na tena inaniuma kwa ajili yangu, yote mawili. Kama ni rafiki wa kweli atayabeba yote mawili. Na acha kuzitazama hizo picha kwa muda. Hiyo si dhambi wala si chuki, ni sawasawa na mwenye vidonda vya tumbo anapoiacha pilipili.

Katekista wa Kongwa

Mama amemaliza. Naongeza tu, kijana, kwamba mtume aliyeandika “Furahini pamoja na wafurahio, lieni pamoja nao waliao” aliviweka vyote katika mstari mmoja, na mimi kwa uzoefu wangu naona sehemu ya pili ndiyo rahisi. Msibani Dodoma nzima itakuja, hata wasiokupenda watakesha nawe. Jaribu kuwaita watu waje washukuru pamoja nawe kwa sababu umejenga. Wengi wataleta udhuru.

Mwana wa Bihawana

Mleta uzi, nimesoma yote na nina swali moja tu, kwa nia njema. Umesema ulifunguliwa mwaka 2022. Je, haijawahi kurudi? Nauliza kwa sababu mimi nimesamehe mara tano mtu yule yule, na kila mara nadhani nimemaliza.

Mleta uzi

Imerudi, ndugu yangu, na nakushukuru kwa kuuliza. Mwaka 2024, treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma, mazungumzo ya bei za viwanja yakawaka upya kila kona, na usiku mmoja nikajikuta nimelala chali nikipiga hesabu ya ekari moja na nusu kwa bei za sasa. Hesabu ile ile, mbu wale wale. Nilipofika kwenye jumla, nikasikia uso wangu umekunjamana gizani.

Petro alipouliza kama asamehe hata mara saba, akajibiwa saba mara sabini. Zamani nilidhani hayo ni makosa 490 ya mtu mwingine. Siku hizi naona kwamba yanaweza kuwa kosa moja tu, ambalo mimi nalazimika kulisamehe kila linapoamka. Nami hata kosa sina la kumsamehe yule bwana. Ninachosamehe ni kwamba yeye alibarikiwa nami nikiwa natazama.

Asubuhi yake nilimpigia simu, nikamwambia neno moja: “Imerudi.” Tumekubaliana tangu mwaka ule kwamba nikimwambia hivyo hataniuliza maelezo. Akasema: “Basi Jumamosi njoo tupogoe.” Nikaenda Mpunguzi na mkasi wangu. Tulipogoa mistari kumi na minne, yeye upande wake na mimi upande wangu, tukiimba taratibu sauti ya nne ya wimbo wa Jumapili iliyokuwa inakuja, hadi saa saba mke wake alipotuletea ugali wa uwele kwa mlenda, tukanawa, tukala katika sahani moja.